Mtihani wa Fundi Ndege Ufike Mpanda, na Usomeke kwa Kiswahili

Kwa Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, Dar es Salaam.

Nakala: CASSOA, wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Entebbe; na Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA).

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Manispaa ya Mpanda ina kata inayoitwa Uwanja wa Ndege. Wakazi wake hawahitaji saa kujua kwamba Q400 ya Air Tanzania imefika. Injini mbili, kila moja na propela yenye mapanga sita, zinashuka juu ya mabati. Mazungumzo ya barazani yanakatika, kuku wanakimbilia uvunguni, kisha mazungumzo yanaendelea pale pale yalipoachwa. Ndani ya ndege hiyo ya viti 76 abiria wameshaelezwa kwa Kiswahili jinsi ya kufunga mkanda na kuvaa jaketi la kuokolea maisha, wakarudiwa kwa Kiingereza. Anayepanda ana lugha mbili. Anayetaka kuitengeneza anakuta mlango wa leseni una lugha moja, na ofisi yenye mlango huo iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao.

Barua hii inahusu mlango huo.

Katika gereji moja ya Makanyagio, hapa Mpanda, yuko binti mwenye cheti cha ufundi magari. Asubuhi moja aliletewa Noah iliyokuwa ikivuma gurudumu la mbele. Hakufungua kitu kwanza. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini kwa viganja viwili, akalitikisa kama mtu anayeamsha mgonjwa. "Inacheza," akasema. Akalizungusha taratibu, akainamisha sikio karibu na ringi, akasikiliza. "Beringi hii, kaka, usiende nayo Sitalike." Mwenye gari akacheka, akidhani anapandishiwa bei. Beringi ilipotoka, njia ya gololi ilikuwa imechimbika vijishimo na grisi imegeuka rangi ya kahawa. Kaka hakucheka tena. Akauliza duka la vipuri linafunguliwa saa ngapi.

Binti huyo anataka kutengeneza ndege. Wanaomsikia hutabasamu, ingawa hakuna cha ajabu. Ndege za Caravan zinazopeleka watalii kwenye kiwanja cha Ikuu, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, zina magurudumu, na magurudumu yana beringi, na beringi hukaguliwa kwa mkono na sikio kabla ya kukaguliwa kwa kioo cha kukuzia. Hata jina la ugonjwa halibadiliki. Kiingereza cha karakana za ndege huuita ulegevu huo "play", mchezo, sawasawa na gereji ya Makanyagio. Viganja vyake vinajua. Lakini akiketi mbele ya swali linalouliza, kwa Kiingereza chenye makanusho mawili ndani ya sentensi moja, ni lipi kati ya yafuatayo lisilotarajiwa kutokea pale ambapo ulegevu haujazidi kiwango, hapo viganja havina la kumsaidia. Swali hilo hilo kwa Kiswahili lingekuwa fupi: ulegevu ukiwa ndani ya kiwango, lipi kati ya haya halitatokea?

Mtu asije akaisoma barua hii kama ombi la kufukuza Kiingereza karakanani. Kitabu cha matengenezo cha Q400 ni cha Kiingereza. Cha ATR, ndege inayoundwa Toulouse kwa ubia wa Wafaransa na Wataliano, nacho ni cha Kiingereza. Fundi anayetia saini ya kuirudisha ndege kazini bila kukielewa kitabu alichokifuata ni hatari kuliko beringi iliyochimbika, na Mamlaka ikimnyima leseni mtu huyo haitalaumiwa na yeyote Mpanda. Swali la barua hii ni jembamba zaidi: Kiingereza hicho kipimwe wapi? Kwenye kanuni ya Ohm? Kwenye sababu za alumini kuliwa na kutu inapokutana na chuma? Au kwenye kitabu chenyewe cha matengenezo, ukurasa uko mezani na kalamu iko mkononi?

Ulaya walishalijibu. Leseni ya fundi ndege huko inaongozwa na kanuni namba 1321 ya mwaka 2014, kwenye sehemu ambayo mafundi duniani kote wanaijua kwa jina la Part-66. Msimamizi wake ni EASA yenye makao Köln, Ujerumani. Isichanganywe na EASA ya Embakasi, chuo cha usafiri wa anga cha Afrika Mashariki, maana fundi wa Dar es Salaam akisikia herufi hizo huuliza kwanza: ya Nairobi au ya Wajerumani? Kanuni yenyewe imechapishwa katika lugha nyingi rasmi za Umoja wa Ulaya. Mtihani umegawanywa kwa moduli: hesabu, fizikia, misingi ya umeme, malighafi na vifaa, kazi za matengenezo, aerodinamiki, tabia ya binadamu kazini, sheria za anga, na kuendelea hadi injini na propela. Maswali karibu yote ni ya kuchagua, kila moja na majibu matatu. Wastani ni sekunde 75 kwa swali, na kufaulu ni asilimia 75. Moduli ya hesabu kwa fundi wa daraja la B1, yule anayeshughulikia bodi na injini, ina maswali 32 kwa dakika 40. Kijana wa Hamburg anaweza kuyajibu kwa Kijerumani, wa Sevilla kwa Kihispania, na anayependa Kiingereza anaketi kwa Kiingereza.

Halafu inakuja ibara ambayo Mamlaka inaombwa iisome mara mbili. Mwenye leseni hiyo haruhusiwi kuitumia kusaini ndege mpaka aweze kusoma, kuandika na kuwasiliana, kwa kiwango kinachoeleweka, katika lugha ambayo nyaraka za kiufundi za kazi hiyo zimeandikwa. Lugha imefungwa kwenye saini. Fizikia imeachwa iwe fizikia.

Mahali nako wamepafikiria. Chuo chenye idhini huko kinafanyia mitihani kwenye vituo vilivyotajwa katika hati yake, na kinaweza kuifanyia hata kwingine, mradi uwepo utaratibu ulioandikwa na msimamizi akaukubali. Mtihani una ruhusa ya kumfuata mtahiniwa.

China wamekwenda hatua ya ziada, na pengine ndiyo hatua inayoifaa Tanzania kuliko zote. Maarifa ya ufundi yanapimwa kwa Kichina. Kiingereza cha matengenezo ya ndege kinapimwa peke yake, na daraja alilopata mtu linaandikwa kwenye leseni yake, hivyo mwajiri anajua huyu anaweza kukabidhiwa kitabu kipi. Brazili, nchi inayounda ndege za Embraer na kuziuza duniani, mafundi wake hufanya mtihani kwa Kireno. Kanada ni Kiingereza au Kifaransa, chaguo la mtahiniwa. Hiyo Kanada isipitwe haraka. Injini za Q400 inayowatawanya kuku wa kata ya Uwanja wa Ndege, na injini ya Caravan inayotua Ikuu, zote ni za Pratt & Whitney Canada, kampuni yenye makao yake Longueuil, jimbo la Québec. Kijana aliyezaliwa kando ya kiwanda hicho anaruhusiwa kupata leseni kwa lugha ya mama yake. Anayezaliwa kando ya uwanja zinakotua injini hizo haruhusiwi.

Na sheria ya kimataifa haijamfungia. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lililozaliwa na Mkataba wa Chicago wa 1944, ndilo lililoweka madaraja ya lugha ambayo tangu Machi 2008 yanadai kiwango cha nne. Madaraja hayo yanamhusu rubani na muongoza ndege, watu wanaozungumza redioni ambako neno moja likisikika vibaya hakuna muda wa kurudi nyuma. Fundi hakuwekewa mtihani huo. Yeye anatakiwa awe na maarifa, uzoefu na ustadi. Lugha ya kumpimia maarifa imeachiwa nchi.

Upo utetezi mmoja ambao kila mara hutolewa mazungumzo yakifika hapa: kwamba Kiingereza ndicho usalama. Wanaousema wakumbuke tarehe 10 Juni 1990. Ndege ya British Airways, safari namba 5390, iliruka Birmingham kwenda Málaga. Ilipopita futi 17,000, kioo cha mbele upande wa rubani kiling'oka. Rubani akavutwa nje hadi kiunoni, wahudumu wakamshika miguu, msaidizi wake akaishusha ndege Southampton, na kwa rehema za Mungu rubani akapona. Wachunguzi walikuta kioo kilibadilishwa usiku, kiasi cha saa 27 kabla ya safari hiyo. Kati ya boliti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa na zile sita zilizobaki zilikuwa fupi. Aliyezifunga alikuwa msimamizi wa zamu, Mwingereza mzoefu, aliyechukua boliti ya zamani na kutafuta za kufanana nayo kwa macho kwenye droo. Boliti ya zamani yenyewe haikuwa sahihi. Katalogi ya vipuri ilikuwepo, na imeandikwa kwa lugha yake. Hakuifungua.

Wataalamu wa tabia ya binadamu kazini wameandika mengi kuhusu usiku ule: uchovu, haraka, mtu kujisaini mwenyewe bila jicho la pili. Mkanada Gordon Dupont alipokusanya mwaka 1993 mambo kumi na mawili yanayowaangusha mafundi ndege, orodha iliyokuja kuitwa Dazeni Chafu, mawasiliano mabovu yalikuwa humo pamoja na uchovu na mazoea. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia kwa mlango wa usalama. Zamu zinapokabidhiana kwenye karakana za Dar es Salaam na Kilimanjaro, maandishi ni ya Kiingereza lakini midomo inasema Kiswahili. Na Kiswahili hicho hakijawahi kukubaliana na chenyewe. Nguvu ya kukaza nati kwa kipimo, mmoja anaiita toki, mwingine nguvu ya kukazia, mwingine mkazo, neno ambalo kwenye fizikia ya Kiswahili lina kazi yake nyingine kabisa. "Nimeikaza tayari" inaweza kumaanisha nimeishika kwa mkono isianguke, au nimeikaza kwa spana ya kipimo na nikasoma namba. Tofauti ya sentensi hizo mbili ni propela.

Mtihani wa lugha mbili ungelazimisha maneno hayo yachaguliwe. Isitoshe, kazi haianzii sifuri. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990. Mkondo geu, kani, msuguano na mnato vimo vitabuni miaka zaidi ya thelathini, vikisubiri mtu wa kuvitumia nje ya darasa. Kinachobaki ni msamiati wa ndege wenyewe, na huo wenye nao ni mafundi. BAKITA ikae nao karakanani, si hotelini.

Watengenezaji wa ndege wa Ulaya walipitia zoezi kama hilo kwa upande wa Kiingereza. Mashirika ya ndege yaliona mafundi wao wengi hawakuzaliwa na lugha ile, na mwaka 1986 ukatolewa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa, ambao leo unaitwa ASD-STE100. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20. Neno moja libebe maana moja: "follow" ni kuja nyuma ya kitu, basi, ukitaka kusema kutii maelekezo, tumia neno jingine. Kwa hiyo kitabu cha ndege kinaandikwa kwa Kiingereza kilichopunguzwa miiba makusudi, ilhali karatasi ya mtihani inayomruhusu mtu kukifungua kitabu hicho inaachwa na miiba yake yote.

Miiba hiyo ina historia Mpanda. Mji huu ulikuzwa na risasi, madini. Mgodi wa Uruwira ndio uliofanya serikali ya kikoloni ivute tawi la reli kutoka Kaliua, zaidi ya kilomita 200 za miombo. Mgodi ulifungwa mwaka 1960, reli ikabaki, na mji ukabaki na reli. Kwa Kiingereza madini hayo ni "lead". Kwenye swali la betri neno hilo ni madini yale yale. Kwenye swali la mita ya umeme ni waya wa kupimia. Kwenye swali la mkondo geu linageuka kitendo: mkondo unatangulia volteji. Mjukuu wa mchimba risasi wa Mpanda anaweza kuangushwa na neno lililoujenga mji wao. "Stall" ni kibanda cha sokoni, ni zizi, na ni ndege kupoteza mnyanyuo. "Pitch" ni uwanja wa mpira, ni lami, na ni pembe ya panga la propela. Kutoa upepo kwenye breki, kazi ambayo kila gereji ya Katavi inaifanya kabla ya chai ya saa nne, Kiingereza kinaiita kutoa damu.

Ukiwa na sekunde 75, na ishirini kati ya hizo umezitumia kuamua kama swali linazungumzia damu, hesabu inakuwa imeshaharibika.

Sasa mahali. Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012, ukikatwa kutoka Rukwa. Kijana wa Mpanda anayetaka kusomea ndege anatazama mashariki: Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kiko Mabibo, chuo cha Mamlaka yenyewe kiko Dar es Salaam, makao makuu yako Dar es Salaam. Kwa basi ni safari ya mchana na usiku. Kwa treni ni Mpanda hadi Kaliua, kisha Reli ya Kati kupitia Tabora. Kwa ndege ni nauli ambayo fundi gereji haiweki akiba kwa mwezi mmoja. Na mtihani wenye moduli nyingi haufanywi mara moja. Anayekosa moduli mbili anarudi nyumbani, anajipanga upya, anasafiri tena. Aliyezaliwa Ukonga anakwenda kwa daladala.

Yatasemwa, na kwa haki, kwamba watahiniwa wa Katavi leo wanahesabika kwa vidole, na kwamba leseni haipatikani bila uzoefu kwenye karakana iliyoidhinishwa, na karakana ya namna hiyo Mpanda haipo. Ni kweli. Kwa sababu hiyo barua hii haiombi jengo. Inaomba chumba kimoja chenye kompyuta, siku chache kwa mwaka, na msimamizi mmoja wa Mamlaka anayeshuka kwenye Q400 ile ile. VETA Mpanda ipo. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine ipo humu humu mkoani. Wiki inayofuata msimamizi huyo anaweza kuwa Tabora au Kigoma. Kuhusu uzoefu, Ulaya inamruhusu mtu afaulu moduli zake kwanza, na matokeo yanasubiri hadi miaka kumi wakati anakusanya uzoefu karakanani. Binti wa Makanyagio angeweza kufaulu hesabu, fizikia na umeme akiwa bado anatoa beringi za Noah, kisha akaenda Dar es Salaam akiwa na kitu mkononi cha kumwonyesha mwajiri, badala ya kwenda na ndoto na namba ya simu ya shangazi.

Wasiwasi wa kuvuja kwa mitihani nao unaeleweka. Lakini Baraza la Mitihani la Taifa linapeleka karatasi za kidato cha nne mpaka Mishamo na mpaka Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, kila mwaka, kwa maelfu ya watahiniwa, chini ya ulinzi wa polisi. Nchi inayoweza kulinda mtihani wa kemia Karema inaweza kulinda maswali 32 ya hesabu ndani ya kompyuta Mpanda.

Lipo jingine ambalo si la kunong'ona tena. Juni 2025 Tume ya Ulaya iliyaweka mashirika yote ya ndege yaliyosajiliwa Tanzania kwenye orodha ya yasiyoruhusiwa katika anga ya Umoja wa Ulaya. Air Tanzania ilikuwa imeshatangulia humo Desemba 2024. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni upungufu mkubwa wa watu wenye sifa katika usimamizi wa usalama. Wakaguzi wa Mamlaka hawaoti barabarani. Mkaguzi mzuri wa ndege za leo alikuwa fundi mzuri miaka kumi na tano iliyopita, na fundi huyo alipatikana kwa sababu bwawa la kuvulia lilikuwa pana. Kulegeza kiwango sasa kungekuwa wazimu, na barua hii haikuombi hilo: asilimia ya kufaulu ibaki ilivyo, maswali yabaki magumu, uzoefu usipunguzwe hata siku moja. Kinachoombwa ni kwamba anayefeli afeli kwa kutojua ndege.

Entebbe inahusika pia. CASSOA, iliyoanzishwa mwaka 2007 ili kuoanisha kanuni za anga za nchi wanachama, ilipoanza ilikuwa na jamaa wa Kiingereza tu, Kenya, Uganda na Tanzania, na Burundi na Rwanda wakiingia mwaka huo huo. Tangu 2022 Kongo nayo ni mwanachama wa Jumuiya. Ng'ambo ya ziwa kutoka Karema kuna Moba na Kalemie, ambako mtoto husoma kwa Kifaransa na kununua samaki kwa Kiswahili, kama mtoto wa Bujumbura. Ikiwa mitihani ya ufundi ndege itaoanishwa katika jumuiya yenye watu wa shule mbili za kikoloni, lugha inayowakutanisha imeshakaa mezani. Haihitaji kuagizwa.

Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya kutolea haki. Walikuwepo waliosema istilahi hazitoshi, kwamba haki ni jambo zito mno. Leo mtu anahukumiwa kifungo kwa lugha anayoielewa. Kama lugha inatosha kumfunga mtu miaka thelathini, pengine inatosha kumuuliza kwa nini tairi la ndege hujazwa naitrojeni.

Maombi basi, Ndugu Mkurugenzi Mkuu, ni haya, na yanaweza kuanza kwa mpangilio wowote ambao bajeti itaruhusu. Karatasi za masomo ya msingi zichapishwe kwa safu mbili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, mtahiniwa achague jicho lake liende wapi. Kiingereza cha ufundi kipimwe peke yake na kwa ukali: mtu apewe kurasa za kitabu halisi cha matengenezo, aeleze kazi iliyomo, kisha aandike kasoro na marekebisho kama anavyoandika kwenye kumbukumbu za ndege, na daraja lake lionekane kwenye leseni. Orodha ya msamiati itolewe hadharani kabla ya mtihani wa kwanza, ikiwa imepitiwa na mafundi wenye leseni, na neno la toki liamuliwe mara moja. Ratiba ya chumba cha kuhamahama itangazwe kwa kanda, Magharibi ikiwemo. Na anayetaka kufanya masomo ya msingi kabla ya kupata karakana aambiwe kwa maandishi kwamba anaruhusiwa, na kwa muda gani matokeo yake yatahesabika.

Majaribio ya mwaka mmoja yatatosha kuanza, hata kwa masomo matatu tu: hesabu, fizikia na misingi ya umeme. Walioketi kwa safu mbili na walioketi kwa Kiingereza pekee walinganishwe, matokeo yachapishwe, na kama walioketi kwa safu mbili watakutwa hawajui kazi, Mamlaka itakuwa na ushahidi ambao leo hakuna upande wenye nao.

Jibu likiandikwa, nakala moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata ya Uwanja wa Ndege. Kutoka gereji ya Makanyagio si mbali. Hata kwa bodaboda ambayo beringi yake inacheza, mtu anafika kabla ndege ya mchana haijatua.